Mkia wa Pikipiki ya Noah

Ijumaa jioni Khaemba aliegesha pikipiki mbele ya jiko la Nekoye, huko karibu na Kibabii, akatandaza gunia na kupanga spana juu yake, ndogo hadi kubwa. Pikipiki ilikuwa ya kakake Noah, mume wa Nekoye. Baada ya matanga ya Noah, mwaka wa 2008, Khaemba aliichukua akaenda kubebea watu Kitale. Noah, ingawa marehemu, alikwenda nayo. Hakuonekana, lakini kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa, na mkia uliinama hadi madigadi ikagusa tairi.

Nekoye aliitaka irudi apelekee wateja maziwa, watoto wapate kula. Wazee wa ukoo walisema watakuja Jumamosi kuitazama. Ikiwa bado imeinama, basi marehemu amekataa Khaemba abaki nayo, na itarudi kwa mjane.

"Shemeji, nishikie hapa," Khaemba alisema. "Watu wa Kipsongo, kule Kitale, wananicheka, ati nimebeba ng'ombe."

"Si uirudishe tu?"

"Kakangu anaumia, bana. Kila shimo ni 'uwii!' Si unaujua mgongo wake?"

Nekoye aliujua. Alikuwa akiukanda kila jioni kwa samli ya moto.

"Na kesho wazee wakiikuta imesimama?"

"Hiyo ni ya kesho. Huyu anaumia leo."

Nekoye akashika usukani. Khaemba akazungusha pete iliyo chini ya springi, kidato kimoja upande huu, kimoja upande ule, maana pete zikipishana pikipiki hutembea kama kuku mgonjwa.

"Baba Nafula, keti sasa," Nekoye alimwambia mumewe.

Mkia ukashuka vidole vinne.

"Bado. Kaza tena."

Khaemba akakaza; safari hii mkia ukashuka kidogo tu. Noah akashusha pumzi.

Jumamosi wazee walikunywa chai kwanza, kisha wakachuchumaa nyuma ya pikipiki. Mkia ulikuwa juu, sawasawa. Kitini Noah alikuwa anakoroma.

"Si mnamsikia? Yuko hapo," Nekoye alisema.

"Tunamsikia, mama," mzee mmoja alijibu kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Lakini mtu aliyekataa hawezi kulala hivyo. Pikipiki ibaki na Khaemba."

Khaemba hakuwasha injini. Njia ya kutoka bomani ina mawe, kwa hivyo Nekoye aliweka mkono mmoja mgongoni mwa mumewe asianguke, na kwa ule mwingine akasaidia kusukuma mpaka barabarani.