Majani ya Delbert

Mwanamke akifiwa na mume huletewa wema asiouomba. Tangu Delbert alipofariki mwezi wa pili, nimeletewa bakuli za makaroni mpaka friji ikakataa kufungika. Nimeondolewa theluji mlangoni kabla sijaamka. Wanawake wa kanisani wamenishika mikono na kuniuliza "unaendeleaje, Verna?" huku wakiangalia saa. Sikulalamika. Ila lile la Cody la majani nililalamika, tena mtaa mzima ulisikia.

Cody Haas ni jirani yangu wa kushoto, kijana wa miraba minne, moyo mwema, mwenye mashine ya kila kazi chini ya jua. Siku ile nilikuwa nimekwenda kwa daktari wa macho. Kesho yake watoto wa chekechea walikuwa waje kwangu, na keshokutwa yake ilikuwa Halowini, sikukuu ya mizuka na maboga. Niliporudi nikakuta uwanja wa mbele ya nyumba yangu ni kijani kitupu. Hata jani moja hakuna. Cody alikuwa anakunja waya wa mashine yake ya kupuliza majani, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Usiseme kitu, Bi Verna!" akasema. "Hiyo zawadi yangu kwako. Nilikuwa nakuona, nikasema moyoni, mama wa watu atayazoa lini haya yote peke yake?"

"Majani yangu yako wapi?"

"Gari la manispaa limepita sasa hivi, limebeba mifuko yote. Yaani nilikuwa na bahati, ningechelewa kidogo tu..."

"Nimekuuliza yako wapi, Cody. Sijakuuliza ulikuwa na bahati gani."

"Yamekwenda, mama."

"Nani alikutuma?"

Mwili wote ule ukanywea. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, nikaingia ndani na kubamiza mlango. Asante ya punda ni mateke, na siku hiyo punda nilikuwa mimi.

Cody alihamia majira ya kuchipua yaliyopita, hakujua. Watu wa zamani wa mtaa wetu wanajua kwamba Delbert hakuzoa majani yake kamwe kabla ya Halowini. Mti wetu ndio pekee hapa wenye majani mapana kuliko kiganja cha mtu mzima. Miti mingine ya mtaa ni misonobari, na ile yenye vijani vidogo visivyofaa kitu. Kila mwaka watoto wa chekechea ya kanisani walikuja kwa miguu wakiwa wameshika kamba moja ndefu, kila mmoja na fundo lake, mwalimu mbele, mwalimu nyuma. Waliachia kamba wakaruka ndani ya majani. Kisha kila mtoto alichagua jani lake, akakaa barazani kwetu kwenye meza ya mbao, akalipaka rangi nyeupe, akaliwekea macho mawili meusi na mdomo. Hapo tayari una mzuka. Hata mtoto wa miaka mitatu hawezi kukosea, maana hakuna anayejua mzuka unatakiwa kuwa na sura gani.

Sisi hatukujaliwa watoto. Wale walimwita Delbert "Babu Majani", naye aliringa kwa jina hilo kuliko mtu aliyechaguliwa kuwa gavana wa Ohio.

Mwaka juzi ilikuwa mara ya mwisho. Mwaka jana homa iliwaangusha watoto wote, chekechea ikafungwa wiki nzima. Na sasa mwalimu wa zamani amestaafu, yuko huyu mpya, Mwalimu Janelle, ambaye desturi yetu ameisikia tu kwa watu. Nilijua wazi kwamba wasipokuja na mwaka huu, hawatakuja tena. Tangu mazishi hapakuwa na mtu aliyepanda ngazi zangu kwa kukimbia. Wote walipanda polepole, wameinamisha vichwa, na bakuli mkononi.

Simu ikalia jioni. Alikuwa Mwalimu Janelle.

"Bi Verna, nathibitisha tu safari ya kesho. Majani yapo? Nimepita hapo kwa gari, nikaona kama vile pamesafishwa."

Nikakaa kimya.

"Kama hayapo usijisumbue, kweli," akasema. "Tuna sahani za karatasi na pamba. Tutatengenezea mizuka yetu humu humu darasani."

"Majani yapo," nikasema.

"Una hakika?"

"Mwanangu, mimi ni mzee, si mwongo. Waleteni."

Na kweli sikudanganya. Yalikuwapo. Ndiyo maana nilikaa kimya.

Katika chumba cha chini ya nyumba, kwenye kona ya Delbert, kulikuwa na mbao mbili zilizolaliana, juu yake makopo ya rangi. Mwaka jana mvua ilinyesha mapema, naye akaogopa, kwa kuwa jani likilowa halishiki rangi. Akaokota mazuri, akayapanga kati ya magazeti, akayabana kwa mbao ili yakauke yakiwa yamenyooka. Halafu ikaja homa ile. Nilimwambia ayatupe. Akasema, "Yaache yalale, Verna. Watoto watakuja mwakani."

Mwakani ikaja bila yeye.

Kona ile nilikuwa siigusi. Nguo zake niligawa, viatu niligawa, hata pikapu niliuza. Lakini zile mbao nilizipita kila siku ya kufua nikiangalia pembeni. Jioni ile nikashusha makopo, nikainua ubao wa juu, nikafunua gazeti.

Yalikuwa yamelala mbalimbali, hakuna jani lililogusa jingine, vikonyo vyote vimeelekea upande mmoja. Ndivyo alivyopanga hata vijiko. Wekundu wake ulikuwa umefifia, lakini yalikuwa mazima. Nikawaza kwamba hiki ndicho kitu cha mwisho mkono wake ulichokipanga na ambacho hakuna mtu amekivuruga. Kesho nitawapa watoto wayapake rangi nyeupe yote, na nyingine nguoni, na nyingine puani. Nikarudisha gazeti. Nikashika kopo nilirudishe juu ya ubao. Sahani za karatasi zina ubaya gani?

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Cody, amebeba gunia.

"Nimezunguka mpaka kwa mama mkwe wangu, hata makaburini nimefika," akasema. "Haya yatafaa?"

Nikatia mkono ndani. Yalikuwa madogo, yamelowa chapachapa, na mengine yameoza.

"Hayafai, Cody."

"Nilijua tu." Akalitua gunia chini. "Mke wangu kaniambia habari ya watoto. Yeye kaambiwa na watu dukani. Bi Verna, mimi ni mjinga."

"Wewe si mjinga. Wewe una mashine nyingi mno." Akacheka kidogo kwa woga. Nikamtazama yule mwanamume mzima aliyekwenda makaburini gizani kuniokotea majani, hasira yangu ikaisha. "Ingia. Kuna ubao wa kupandisha juu, mimi siuwezi."

Aliubeba polepole kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Hakuuliza ni wa nani.

Asubuhi walikuja na kamba yao. Walipoona uwanja mtupu wakasimama, mmoja akasema, "Majani yameibiwa." Nikawapandisha barazani, nikafunua magazeti. Wakakaa, wakanywa juisi ya tofaa ya moto, wakala donati, wakaanza kazi ya kunichafulia baraza. Kelele zilizokuwapo! Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yangu ina mwangwi.

Pembeni yangu aliketi msichana aitwaye Paisley, amevaa masikio ya paka, ulimi nje kwa bidii.

"Bibi, hili jani kaokota nani?"

"Babu Majani."

"Yuko wapi?"

"Paisley, mpenzi, endelea kupaka," akasema Mwalimu Janelle haraka.

"Amekufa," nikasema.

Paisley akafikiri. "Basi yeye ni mzuka wa kweli."

"Mizuka ya kweli haipo," akasema mwenzake wa ng'ambo ya meza. "Mama kasema."

"Mama yako hajui." Akachovya brashi kwenye rangi nyeusi. "Huyu wangu ndiye yeye. Macho nimeshaweka. Mdomo wake ulikuwaje, Bibi? Wa kucheka au wa kutisha?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Waliniuliza aliugua nini, kama alikuwa na bima, kama nitaiuza nyumba.

"Alikuwa analala mdomo wazi," nikasema. "Kila usiku. Nilikuwa namwambia, funga mdomo, Delbert, nzi wataingia."

"Wazi kiasi gani?"

Nikamwonyesha. Akachora duara kubwa mpaka likakaribia kuyameza macho, akaliinua jani juu kwa kikonyo chake. Alikuwa yeye. Naapa, alikuwa yeye mtupu, saa tisa za usiku, upande wake wa kitanda. Nikacheka, nikashindwa kuacha kucheka, na baada ya muda hakikuwa kicheko tena.

Paisley akanishika goti kwa mkono wenye rangi. "Usiogope, Bibi," akaninong'oneza. "Ni jani tu."

Nililitaka jani lile. Sijawahi kutaka kitu cha mtoto namna ile. Nilifungua kinywa nimwombe, naye akasema, "Hili la mama. Hajawahi kupata mzuka." Nikafunga kinywa. Walifungiwa makoti, wakashika kamba, kila mmoja na mzuka wake mkononi. Mbao zikabaki tupu. Mwalimu Janelle akasema, "Mwakani tena, Bi Verna?" nikasema ndiyo, na Cody, ambaye alikuwa kwenye ua wake akijifanya anaosha gari, akasema kwa sauti, "Sitagusa hata moja!"

Usiku huo nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyoweza kuvumilia. Sikulala. Nilisugua rangi barazani mpaka magoti yakauma, na doa moja nikaliacha.

Sasa watu wameshatupa maboga yao, wengine wameanza kutundika taa za Krismasi. Duka la mikate liko upande wa kanisa, lakini mimi napita mtaa wa nyuma, nazunguka kote huko, kwa sababu kwenye dirisha la kina Paisley bado kuna jani moja jeupe limebandikwa kwa gundi ya karatasi. Linatazama barabarani, mdomo wazi. Jana hapakuwa na mtu njiani, nikasimama.

"Funga mdomo, Delbert," nikamwambia.

Kama kawaida yake, hakufunga.