Rais Ashonewa Sare ya Mwanamaji

Siraje, fundi cherehani, alikuwa anapiga pasi kola za sare za shule, kibandani kwake mtaa wa Kamwokya, rais wa Marekani alipoingia na kuomba apimwe. Rais huyo alikuwa amekufa kabla Siraje hajazaliwa, na suruali ya suti yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Siraje alimwonyesha msumari wa kutundikia kofia.

"Nataka nguo za mwanamaji," rais alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi, kama cha wateja wengi. "Si za ofisa. Za kijana wa kawaida wa melini."

Alieleza huku akipimwa kifua. Alipenda meli tangu utotoni, lakini jeshi la majini lilimkataa kwa sababu ya macho. Baadaye watu wakamchagua, jeshi lote likawa lake: manowari, nyambizi, hata maamiri waliomletea ramani kitandani. Lakini rais ni raia. Kila alipopanda melini mizinga ilipigwa, mabaharia wakapiga saluti, naye akasimama pale na tai yake kama mgeni wa harusi.

"Zitakuwa tayari Alhamisi," Siraje alisema.

Maji yaliyomfuata rais yalikuwa yameanza kujaa sakafuni. Yalikuwa ya chumvi. Siraje akapandisha vitambaa kwenye rafu. Alal, aliyekaanga mihogo kibanda cha pili, alikuja kuuliza kwa nini makaa yake yanalowa, akakuta kibanda kinayumba na rais amekumbatia cherehani.

"Huyu hajazoea maji," Alal alisema.

"Ni mkubwa wa wanamaji wote wa Marekani."

"Naona." Akampa rais ndoo. "Tapika kwanza, mzee. Halafu panua miguu. Usitazame chini. Tazama minara ile ya kilima cha Kololo."

Rais akatii, rangi ikamrudia.

Alal aliyajua maji. Mumewe Opoka, askari, alihamishiwa kikosi kimoja cha boti ziwani, naye akamfuata. Siku nahodha alipougua malaria, Alal alishika usukani, na hakuuachia kwa miaka mingi. Aliopoa watu waliozama, wengine wakiwa hai. Opoka alipofariki, ofisi ya kikosi ilimwambia Alal kwamba yeye alikuwa mke wa askari tu, na nyumba ya kambini inahitajika.

Kila alasiri rais alirudi kujifunza mafundo ya kamba kwa Alal. Alipofaulu kutupa kamba ikanasa kwenye nguzo ya umeme, vijana wa bodaboda walimnunulia mihogo. Alhamisi alivaa sare, akajitazama kwenye kioo muda mrefu, akamwambia Alal, "Twende ofisini kwenu. Nitakusemea, wakutambue kama mwanamaji."

Ofisi ilikuwa upande wa Makindye. Ofisa aliwapokea vizuri, akamwagizia rais soda.

"Mama huyu aliendesha boti zenu," rais alisema. "Mimi mwenyewe kanifundisha kusimama."

"Nakusikia, mzee. Lakini sisi mwanamaji tunamjua kwa sare." Ofisa akamgeukia Alal. "Mama, ulivaa sare gani?"

"Leso kiunoni. Na koti la Opoka, kama kuna baridi."

"Unaona," ofisa alisema kwa upole. Kisha akasimama, akampigia rais saluti, maana rais alikuwa amevaa inavyotakiwa.

Nje, rais alianza kufungua vifungo ili ampe Alal shati.

"Funga, mzee," Alal alisema. "Sare imekukaa vizuri. Na mimi itanibana." Wakacheka hadi kituo cha teksi.

Ijumaa maji yalitoka kibandani, yakashika mtaro kuelekea bondeni, rais akiwa juu yake amesimama kwenye mlango mbovu ulioelea, miguu ameipanua. Hakutapika. Alal alimpungia mkono mpaka alipopotea kwenye kona.

Wiki iliyofuata ofisa yule alimpigia Alal simu. Boti yao ilikuwa imekwama katikati ya miamba karibu na visiwa vya Ssese, na vijana hawakuijua njia. Alal aliweka simu kwenye spika, akaendelea kugeuza mihogo, akawatoa polepole: kushoto, ngoja, sasa kushoto tena. Walipofika maji marefu, ofisa alishukuru sana.

"Kweli marehemu Opoka alikuwa mwanamaji hodari," alisema.

Alal alisema alikuwa mume mzuri, ila maji aliyaogopa kabisa, akakata simu kwa sababu mteja alikuwa anataka pilipili.