Mfarishi wa Miliama

Uchungu ulimshika Luika asubuhi ileile Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kuishusha bendera ya Hawaii pale ikuluni Honolulu na kupandisha ya kwao. Mama yake, Haliaka, alichemsha maji, akafunga madirisha yote kama walivyofunga majirani. Mtaani kwao hakuna aliyekwenda kutazama.

"Mama, mwanangu hazaliwi chini ya bendera yao," Luika alilia. "Nenda kwa mama mdogo, alete mfarishi wake wa bendera."

Haliaka alisonya. Tangu malkia wao apinduliwe, wanawake walishona mifarishi, mablanketi ya vitambaa yenye bendera ya Hawaii, na kuitundika juu ya vitanda, ili watu wao wazaliwe na wafe chini yake. Uliosifiwa kupita yote ulikuwa wa mdogo wake, Miliama. Kanisani Miliama, sokoni Miliama! Haliaka akaapa hatashona wake, asije akaambiwa ameiba mtindo. Leo kiburi kile kilimtokea puani.

Alivuka uchochoro.

"Umepotea njia, dada?" Miliama aliuliza, wala hakuinuka mkekani.

"Luika anajifungua. Naomba mfarishi."

"Ule uliosema mishono yake imekaa kama nyayo za kuku?"

"Nilisema. Nipe."

"Chukua. Ila jina la mtoto natoa mimi."

Kumpa mjukuu jina ilikuwa haki ya Haliaka, na jina alikuwa nalo moyoni, hajamwambia mtu. Hata hili analitaka! Kilio cha Luika kikawafikia pale pale.

"Toa," alisema. "Haya, beba twende."

Waliufunga juu ya kitanda. Haliaka akaukagua pembe hadi pembe, akitafuta mshono mmoja tu uliopinda. Hakuuona, akazidi kukasirika.

Mizinga ikanguruma ikuluni. Bendera imeshuka. Miliama alijifunika uso kwa shuka ya kitanda, mabega yakimtetemeka, na Haliaka, bila kupenda, akamshika mkono.

Ndipo mtoto akalia.

"Msichana!" Miliama alimpakata. "Huyu ni Kahae. Bendera yetu."

Lilikuwa jina lilelile la moyoni mwa Haliaka.

"Nani amekuambia?" Haliaka alifoka.

"Aniambie nani? Leo kuna jina jingine?"

Haliaka alinyoosha mikono.

"Mlete huku, umemshika kama furushi la magimbi. Jina umechukua. Mtoto huchukui."