Vidonge Saba kwa Wiki

Mkurugenzi wa hospitali alikwenda semina ya siku tatu kuhusu kupunguza gharama za matibabu. Semina yenyewe ilifanyika kwenye hoteli ambayo chai yake tu ingetibu watoto kumi malaria. Akarudi na mkoba mpya na wazo moja. Wazo lilikuwa hili: dawa zinapotea kwa sababu wagonjwa hupewa nyingi kwa mpigo. Mtu akichukua vidonge vya mwezi mzima, vingine vinamdondoka, vingine anamgawia jirani, vingine vinaliwa na panya. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kila mgonjwa wa presha apewe vidonge vya wiki moja tu. Saba. Vikiisha, arudi.

Kuanzia siku hiyo wafanyakazi walimwita Bwana Punguza, ila chinichini, maana kila mtu na mshahara wake.

Mwenye kuitekeleza amri alikuwa muuguzi wa kliniki ya presha, mama wa makamo aliyekaa kwenye dirisha lile la dawa miaka kumi na minne. Yeye naye alikuwa na lakabu yake, Sista Sheria, na wala haikumuudhi. Kusema kweli aliipenda. Hakuwahi kumpitisha mtu mlango wa nyuma. Hata mama mkwe wake alipokuja kupima presha, alimkalisha benchi tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, zamu yake ikafika kama ya watu wengine. Kisa hicho kilizunguka ukoo mzima, na mpaka leo kwenye shughuli za familia kinasimuliwa upya na kuongezwa chumvi.

Sasa, miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo kaka yake, tumbo moja, fundi seremala. Presha ilikuwa ya ukoo: baba yao iliondoka naye kwa kiharusi, na baba yao mdogo vilevile. Fundi yeye alikuwa anaidhibiti mwaka wa tisa kwa kidonge kimoja kila asubuhi, kidonge ambacho bei yake haifiki ya kiberiti. Alikaa upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Kuja mara moja kwa mwezi hakukumpa taabu.

Wiki ya kwanza ya amri alikuja, akaifanyia mzaha. Ya pili alikuja kimya. Ya tatu akakuta foleni imelizunguka jengo, kwa kuwa watu wale wale waliozoea kuja mara moja sasa walikuja mara nne, na hesabu hiyo semina haikuigusa. Mpaka anafika dirishani ilikuwa saa nane, na mteja wake wa milango sita alikuwa ameshachoka kumsubiri, kampa kazi fundi mwingine.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "nipe vya mwezi. Nikija huku kila wiki nitakufa njaa kabla presha haijanifikia."

Kabati lilikuwa nyuma ya Sista, limejaa mpaka juu. Akamjibu kwamba amri ni saba kwa wote, na sheria ni msumeno.

"Msumeno naujua mimi," Fundi akasema. "Unakata pale fundi alipopiga mstari. Haukati kila kitu kwa sababu tu una meno."

Foleni nzima ikacheka. Sista aliona aibu, na aibu ikamfanya mkali. Akamhesabia saba mbele ya watu, kwa sauti, kimoja kimoja. Fundi akavipokea, akaaga vizuri, akaenda zake. Hakurudi tena.

Msidhani Sista hakujua. Alijua sana. Kila Alhamisi aliitafuta kadi ya kaka yake na kuikuta kwenye kasha la wasiofika. Alipompigia simu, Fundi alimwambia kazi zikipungua atakuja, asiwe na wasiwasi. Wifi yake ndiye aliyesema kweli: mume wake anaamka na kichwa kinamgonga, na akiinama anaona kizunguzungu. Sista angeweza kutia vidonge thelathini mkobani na kwenda kula chakula cha Jumapili kwa kaka yake, basi, yakaisha. Aliliwaza hilo Jumapili tatu. Jumapili zote tatu akakumbuka kwamba mgonjwa lazima apimwe kwanza, halafu atie saini kwa mkono wake. Mungu amsamehe, alikuwa anaogopa jina lake kuchafuka.

Kasha la wasiofika likajaa, likaletwa la pili. Mabenchi yakabaki wazi. Siku moja Bwana Punguza akapita na makarani wake, akaona mabenchi matupu na kabati lililojaa, akashika kiuno, akatangaza kwamba sasa kliniki inakwenda kisasa. Hakuuliza watu wamekwenda wapi. Ni sawa na mfugaji anayekuta zizi tupu akafurahi kwamba majani yamebaki.

Walikokwenda hakukuwa mbali. Walikuwa chini, wodi ya kiharusi, ambayo vitanda vyake kumi vilishakuwa kumi na tisa, na waliozidi walilazwa kwenye magodoro koridoni. Fundi aliletwa huko mwezi wa tatu wa amri. Alikuwa anapiga randa ubao, randa ikamtoka, akainama kuiokota, hakuinuka. Mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya mdomo vikagoma. Akapigwa picha ya kichwa, akalazwa siku tano chumba cha mahututi mashine ikimsaidia kupumua, kisha akashushwa wodini, kitanda namba kumi na saba. Siku moja tu ya chumba kile ililingana na vidonge vyake vya miaka kumi na miwili. Sista aliipiga hesabu hiyo mara mbili, halafu akaiacha, maana ilikuwa inamuumiza. Wifi yake akauza mashine ya kuranda ili walipe.

Wiki iliyofuata hospitali ikafanya sherehe.

Kliniki ya presha ilikuwa imeshinda idara zote. Matumizi yake ya dawa yalishuka zaidi ya nusu! Akaja mgeni rasmi kutoka makao makuu, ikaletwa keki yenye umbo la kidonge, na Bwana Punguza akahutubia mpaka sukari ya keki ikaanza kuyeyuka. Kisha Sista akaitwa mbele apokee cheti na aseme mawili matatu.

"Mshindi si mimi," akasema. "Aliyepunguza gharama yuko chini, kitanda cha kumi na saba. Namwomba mgeni rasmi akamkabidhi mwenyewe."

Bwana Punguza alidhani huo ni unyenyekevu, tena wenye picha nzuri ndani yake, akawa wa kwanza kupiga makofi. Msafara mzima ukateremka ngazi, mpiga picha mbele, ukipita kwa kuruka miguu ya waliolala koridoni.

Fundi alikuwa ameegemezwa mito, mke wake anamfuta mate. Sista akasimama kando ya kitanda.

"Huyu ni kaka yangu," akasema. "Wiki kumi hakuja. Vidonge vyake sabini viko kabatini kwangu, havijaguswa hata kimoja. Hiyo ndiyo akiba mnayoikatia keki."

Mgeni rasmi, ambaye hakuwa mjinga, akauliza chumba cha mahututi ni kiasi gani kwa siku. Bwana Punguza akakohoa.

"Hilo, mheshimiwa, ni fungu jingine. La dawa limeshuka. Hili la vitanda bado hatujalifanyia semina."

Mgeni rasmi akaagiza palepale vidonge vya mwezi virudi. Bwana Punguza akayaandika maneno hayo upesi, na kabla ya jioni tangazo likabandikwa ukutani, likisema utaratibu mpya umebuniwa na mkurugenzi kwa kuwajali wagonjwa. Keki nayo waliimaliza.

Sista alibaki wodini. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na alitegemea kaka yake angalau atamtazama. Fundi akamwashiria kwa mkono wa kushoto asogee. Maneno yalimtoka moja moja.

"Wao... umewapa ukweli," akasema. "Mimi... ungenipa vidonge."

Amri ilikuwa ya mkurugenzi, sawa, lakini aliyehesabu saba kwa sauti mbele ya watu alikuwa Sista mwenyewe. Akachukua kitambaa mkononi mwa wifi yake, akainama amfute kaka yake mdomo, na kaka yake akageuza uso.