Mkoba wa Sumaku na Mkufu wa Bibi Somoe

"Mkoba huu haupotei," Anold alisema, na kwa kuwa alikuwa kijiweni Chuno, mahali ambapo maneno hayalipiwi ushuru, akaongeza, "Hata mimi nikipotea, mkoba utabaki."

Ulikuwa mkoba mweusi wa kukaa juu ya tangi la pikipiki, wenye sumaku nne zilizoshonewa ndani, mbili kila ubavu. Aliuziwa na msafiri mmoja aliyekuwa akizunguka dunia kwa pikipiki kubwa kama ng'ombe, hamu ya dunia ikamwishia palepale Mtwara. Tangu siku hiyo Anold akawa na mchezo wake. Akifika kijiweni anaubandua mkoba tangini, anaubamiza kwenye chuma chochote kilicho karibu, geti, nguzo, kibanda cha bati cha Farida muuza vocha, kisha anatia mikono mifukoni na kutazama pembeni, kama mtu asiye na habari.

"Sasa siku ukiubandika ukaondoka?" aliuliza Rashidi, dereva mwenzake, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kumchokoza Anold.

"Siondoki bila mkoba wangu."

"Watu wanasahau watoto hospitali, sembuse mkoba."

Lakini jina lilishatoka. Mtu akiwa na kitu cha thamani cha kupeleka mbali, anaambiwa mtafute Anold. Alikwisha kubeba hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa, na meno ya bandia ya mwalimu mstaafu yaliyokuwa yakitoka kutengenezwa. Yote yalifika. Meno yalifika yakiwa yamefungwa kwenye leso, na mwalimu akayavaa palepale ili aweze kushukuru vizuri.

Basi Ijumaa asubuhi simu ikaita. Alikuwa Bi Mwanahawa wa Magomeni ya hapohapo Mtwara, ambaye wiki nzima alikuwa kwao Mahurunga akiandaa harusi ya binti yake, Sabra.

"Anold mwanangu, ule mkufu wa Bibi Somoe sonara amemaliza kuunga kishikizo. Nichukulie uniletee. Simwamini mwingine."

"Sawa, mama."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake siku hizo. Ukimuuliza kama ana njaa, sawa. Ukimwambia mvua inakuja, sawa. Ilianza miezi mitatu nyuma, siku Bi Mwanahawa alipomwita barazani kwake, akampa chai na andazi, akamwambia kwa upole kabisa kwamba yeye ni mtoto mzuri, kwamba marehemu baba yake, aliyetoka Songea kuja kufanya kazi bandarini, alikuwa jirani asiye na mfano, ila dini ni mbili, na Sabra ameposwa na Amiri, mtoto wa mwenye mikorosho kule Mahurunga. Anold na Sabra walisoma darasa moja hadi kidato cha nne, na baada ya hapo waliendelea kusomana wenyewe bila mwalimu. Anold alimaliza chai. Alisema sawa. Andazi alilifunga kwenye karatasi akaenda nalo, na wiki nzima likakaa dirishani kwake, likawa gumu kama jiwe, hakulila wala hakulitupa.

"Unampelekea dhahabu mwanamke uliyemtaka, akaolewe nayo na mwingine," Rashidi alimwambia akimtazama anavyojaza mafuta. "Posta wangekupandisha cheo."

"Mimi sina habari naye."

"Husikii kitu?"

"Nisikie kitu gani?" alisema Anold, na alikuwa akisema kweli kwa kadiri alivyojijua.

Sonara alimpa kikopo cha bati kilichokuwa cha peremende, ndani pamba, ndani ya pamba mkufu. Anold alikitia mkobani, akatia na simu yake, akavuta zipu, akaubamiza mkoba juu ya tangi. Ukashika. Akautikisa mara mbili kama mtu anayejaribu jino. Umeshika.

Alijua anachobeba. Katika ukoo ule msichana hatolewi nje siku ya harusi mpaka Bibi Somoe, mama yake Bi Mwanahawa, amfunge mkufu ule kwa mkono wake. Alimfunga Bi Mwanahawa, akawafunga na dada zake wawili. Sasa bibi haoni tena, anafunga kwa kupapasa, na mwenyewe alishasema huyu Sabra ndiye wa mwisho, akimaliza hapo mikono yake na ipumzike.

Barabara ya Mahurunga ina vigongo vinavyofuatana kama mbavu za mbuzi aliyekonda. Ukivipitia saa nzima, mikono inakufa ganzi, mapaja yanakufa ganzi, hata meno hujui kama ni yako. Anold hakulalamika. Ganzi ya mwili ilikutana na ile nyingine aliyotoka nayo nyumbani, zikakaa pamoja kama ndugu. Mikorosho ikapita. Mashamba ya mihogo yakapita. Mtu mmoja akampungia mkono, na alipopata wazo la kumpungia naye, yule mtu alikuwa ameshabaki nyuma sana.

Kwenye kipande kifupi cha lami, mlimani, lori lilikuwa limesimama, mzigo umefunikwa turubai la buluu, dereva na utingo wakihangaika na tairi upande wa pili. Kivuli chake kilikuwa ndicho kivuli pekee kilichoonekana. Anold akaegesha. Alitaka maji tu, na kitambaa cha kufutia uso, kwa sababu vumbi lilikuwa limemwingia machoni. Akabandua mkoba, akatoa chupa, akatoa kitambaa, akavuta zipu, na mkono wake, ambao ulikuwa na mazoea yake wenyewe, ukaubamiza mkoba kwenye ubavu wa chuma wa lori, kule nyuma.

Akachuchumaa. Akanawa uso. Vumbi la siku ile lilikuwa baya. Kila akifuta, macho yanajaa tena. Akanawa tena. Chupa ikaisha, akaendelea kufuta kwa kitambaa, kisha kwa mkono wa shati. Alisikia lori likiwaka. Alisikia likiondoka. Kivuli kilimtoka mgongoni taratibu, jua likamkalia, na yeye bado amechuchumaa palepale, kama kuku aliyesahau anataga nini.

Baadaye alipanda pikipiki akaendelea na safari.

Ni matuta ya kijiji cha tatu yaliyomwambia. Pikipiki iliruka, magoti yakabana kwa mazoea. Katikati yake palikuwa na tangi tu, bila mkoba. Anold akasimama. Hakupiga kelele. Alikumbuka kila kitu, zipu, ubavu wa lori, mlio wa sumaku ikigonga chuma, vyote kwa utulivu kama mtu anayesoma risiti. Sumaku ilikuwa imefanya kazi yake. "Sawa," alisema, na hapakuwa na mtu aliyemuuliza.

Simu imo humohumo mkobani. Akakimbiza pikipiki mpaka njia panda, na kwa kuwa malori mengi njia ile huenda Mto Ruvuma kuvuka kwenda Msumbiji, akakata kwenda Kilambo. Kwenye kivuko alimuuliza mama mmoja muuza samaki wa kukaanga kama ameona lori lenye turubai la buluu.

"Limevuka moja saa ile," mama alisema. "Turubai buluu, au kijani. Baba, mimi naangalia samaki."

Anold alikaa juu ya pikipiki akatazama maji. Ng'ambo ilionekana karibu, unaweza hata kuhesabu watu. Alingoja huzuni ije, haikuja. Ilikuja hesabu tu. Nani atakubali kwamba kijana aliyenyimwa binti amebandika dhahabu ya binti huyohuyo kwenye lori asilolijua, kwa bahati mbaya? Watasema kinyongo. Watasema alikuja kuivunja harusi. Na Sabra naye, huko ndani alikofichwa, ataambiwa hivyo, na ataishi na neno hilo miaka yote.

Kwa hiyo akashika ukosi wa shati lake akaupasua. Akachota udongo akajipaka begani na shavuni. Alijipaka kwa makini, pande zote sawasawa, kama mtu anayejiandaa kwenda kupiga picha.

Mahurunga ua ulijaa. Masufuria ya pilau yalikuwa mekoni, wanawake wamejifunga khanga za sare, na Bibi Somoe ameketi mkekani mlangoni mwa chumba cha bi harusi, viganja vyake wazi juu ya magoti. Bi Mwanahawa alimwona Anold, akaona shati, akashika kifua.

"Nimevamiwa, mama," Anold alisema. "Watatu. Wana mapanga. Wamechukua mkoba."

Alikisimulia kisa chote kwa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka. Mmoja alikuwa mrefu. Mmoja alijifunga kitambaa usoni. Mmoja, hakujua kwa nini, alimpa kilema cha mguu.

"Wamekuumiza?" Bi Mwanahawa aliuliza, akimpangusa udongo shavuni kwa ncha ya khanga. "Mkufu ni kitu, mwanangu, lakini wewe una mama. Keti. Mleteeni maji."

Afadhali angempiga. Kutoka mkekani Bibi Somoe akauliza, "Mwanahawa, ameshafika?"

"Amefika, mama."

"Basi nipeni."

Bibi akaendelea kunyoosha viganja. Nyuma ya pazia, ndani ya chumba, wimbo uliokuwa ukiimbwa ukazimika sauti moja moja, mpaka ikabaki moja, nayo ikanyamaza.

Selemani, mjomba wa Sabra, hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa ameshatoa panga nyuma ya mlango, na wanaume sita wamesimama naye.

"Kilema cha mguu wa kulia au wa kushoto?" alimuuliza Anold.

"Kushoto."

"Hassani wa kule mabondeni anachechemea kushoto," mmoja akasema. "Jana alikuwa na wageni wawili."

"Ndio hao," alisema Selemani. "Twendeni."

Anold alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa pale, mzito, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alijua hapo ndipo pa kusema, akaona nafasi inapita mbele yake, kama alivyomwona yule mtu wa barabarani aliyempungia mkono. Wanaume wakafika kwenye mlango wa ua wa makuti.

Hawakuweza kutoka, kwa sababu lori lilikuwa linaingia. Turubai la buluu. Lilirudi nyuma polepole mpaka karibu na meko, na kwenye ubavu wake, kule nyuma, mkoba mweusi ulikuwa umejibandika kwa raha zake, vumbi jekundu limeupaka, zipu imefungwa.

Utingo alishuka, mzee wa mvi aitwaye Kasiani, akaanza kufungua kamba. Chini ya turubai palikuwa na viti vya plastiki vya harusi.

"Mtusamehe, tumechelewa," alisema. "Pancha, kisha tukapitia masufuria mengine kule Ziwani. Halafu mwenye kitu hiki ni nani? Tumekigundua huko tulikopakia masufuria. Nimekivuta, kinanirudia."

Bi Mwanahawa aliubandua mkoba kwa mikono miwili, akafungua zipu, akatoa kikopo cha peremende. Akakifungua. Alikwenda mkekani, akaweka mkufu kwenye viganja vya Bibi Somoe, na vidole vya bibi vikaanza kuusoma, pete kwa pete.

Selemani alikuwa bado na panga. "Mzee, umewanyang'anya wewe? Wale majambazi watatu wameelekea wapi?"

"Majambazi gani?" Kasiani aliangaza ua mzima, macho yake yakamfikia Anold. "Ah. Kumbe ni wa huyu kijana. Huyu nilimwona kwenye kioo cha pembeni tulipokuwa tunaondoka. Alikuwa peke yake, amechuchumaa kwenye kivuli cha gari letu, analia kama aliyefiwa na mama. Nikamwambia dereva, nenda polepole, kila mtu na msiba wake."

Pazia la chumba lilisogea kidogo, kiasi cha kidole kimoja.

"Lilikuwa vumbi," Anold alisema.

Kasiani alimtazama bila ubaya wowote, kamba mkononi.

"Vumbi la wapi, mwanangu? Pale tuliposimama ni lami."