Majibu ya Mwalimu Zulma

Mwalimu Zulma Etcheverry alifundisha miaka thelathini na moja katika shule ya Paso Hondo, na miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyethubutu kuibia mtihani mbele yake. Ana jicho la mwewe, walisema. Kisha serikali ikaleta kompyuta, kila mtoto na yake, na ukutani ikatundikwa skrini ambamo kila Jumanne alitokea kijana wa Montevideo, mji mkuu, mwalimu Ignacio, kufundisha Kiingereza kutoka mbali. Kazi ya Zulma ilikuwa kutuliza darasa na kufanya mazoezi yaleyale kwenye kompyuta yake, ili naye ajifunze.

Hakujifunza. Kiingereza kilimpiga chenga tangu Machi. Ungedhani mtu mzima angesema tu, kijana, mimi hapa sielewi. Lakini mficha uchi hazai, na Zulma alikuwa hodari wa kuficha. Alimwita Nair Olivera, binti wa mkata manyoya ya kondoo, mtoto mwenye akili kuliko wote darasa la tano, akamwomba amjazie majibu kila Jumatatu wakati wa mapumziko. Nair akajaza, akanyamaza.

Novemba, Ignacio akagundua. Mazoezi ya Nair na ya mwalimu wake yalifanana neno kwa neno, hata makosa matatu yalikaa mahali palepale. Akasema kwa upole, mbele ya darasa zima, kwamba inaelekea mwanafunzi amefungua kompyuta ya mwalimu akanakili. Zulma alikuwa ameshika kibuyu chake cha chai chungu ya majani, ile ambayo kwao huitwa mate. Hakunywa.

Nair akasimama. Alimtazama mwalimu wake mara moja tu, kisha akaigeukia skrini.

"Nilinakili mimi," akasema.

Na yule mwenye jicho la mwewe akainamisha kichwa kana kwamba kalamu imemwanguka. Ignacio akasema atalazimika kuandika alama mbaya ya nidhamu. Paso Hondo nzima inajua kwamba mtoto mwenye doa hilo habebi bendera ya taifa kwenye sherehe, heshima kuu ya shule, na kura ya kumchagua mbeba bendera wa mwaka ujao ilikuwa Ijumaa. Mama yake Nair alikuwa ameshamshonea koti jipya jeupe.

Siku tatu Zulma alijidanganya. Watoto hawatamchagua mwizi, alijiambia, bendera itakwenda kwa mwingine na mambo yatajiishia. Ijumaa akafungua vikaratasi mezani, kimoja kimoja, akiandika ubaoni. Nair. Nair. Nair tena. Kura kumi na saba kati ya kumi na tisa.

Bado alikuwa na ujasiri wa kuuliza, "Mnamchaguaje mtu aliyenakili?"

Wilmar, mtani wa darasa, akajikuna shingo. "Mwalimu, usituchekeshe. Jumatatu tunacheza mpira hapo dirishani. Tunawaona."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

"Na hamkusema?"

"Tungesema nini, mwalimu? Ungeona haya."

Zulma aliketi. Ameaibika mara nyingi maishani, lakini aibu hii ilikuwa ya namna nyingine: watoto kumi na tisa wamembeba mgongoni miezi minane, naye akijiona ndiye anayewabeba. Na mmoja wao, yeye mwalimu amemwacha achafuke kwa ajili ya kiburi chake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, na ile alama mbaya ilikuwa bado imeandikwa Montevideo, kura au bila kura.

Akainuka, akaiwasha skrini mwenyewe. Ignacio akatokea, akashangaa kuitwa siku isiyo yake. Zulma alizoea kuielekeza kamera juu, ili huko Montevideo waone ubao na nywele zake tu wasimwone akibabaika. Aliiacha hivyohivyo, akaanza.

"Mwalimu Ignacio, ni habari ya Nair. Hakunakili. Aliyenakili ni mimi, tena nilimtuma yeye..."

Nair akatoka kwenye dawati lake. Akanyoosha mkono, akaishusha kamera taratibu mpaka ikafika sawasawa.

"Alikuwa hakuoni uso, mwalimu," akamwambia kwa sauti ndogo. "Anza upya."

Na Zulma akaanza upya, machozi yakimtiririka, uso wake wote umeijaza skrini.