Shati Lililotakata

"Litoe damu, kaka Stambuli. Sitaki liingie nyumbani hivi," alisema Bi Shekha, akakitua kikapu mlangoni polepole kana kwamba ndani mna mayai.

Stambuli alikuwa na pasi mkononi. Makaa yalikuwa yameshika moto na kanzu za Ijumaa zimepangana mezani zikimngoja. Aliiweka pasi juu ya kigae, akainama kutazama. Ndani ya kikapu, kwenye gazeti, mlikuwa na shati jeupe la mikono mirefu, lile ambalo Ghani mwana wa Bi Shekha alikuja nalo kutoka Maskati, na ambalo vijana wa mtaani Shella walilisifu wiki nzima kwa kola yake. Kola hiyo sasa ilikuwa ngumu kwa damu iliyokauka. Damu nyingine ilikuwa imeteremkia kifuani. Bega lilikuwa limechanika na vifungo vya juu havipo.

Bi Shekha alieleza akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Mwanawe alikamatwa jana jioni. Yeye alikwenda kituoni alfajiri na chupa ya uji na nguo safi, akaambiwa haruhusiwi kumwona. Askari mmoja kijana, Tsuma, ambaye kwao ni kijiji cha Adu, ndiye aliyezipokea zile nguo. Aliingia nazo ndani, akarudi na shati hili limefungwa kwenye gazeti, akamkabidhi huku akitazama pembeni. Alimwambia alichukue aende nalo nyumbani. Hakusema neno jingine, na Bi Shekha hakuuliza.

"Kapigwa," alisema. "Mtoto wangu kapigwa, na mimi nimesimama nje na uji."

Stambuli alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa ya nguo. Alimwambia aende akapumzike, shati atalikuta limetakata.

Sasa, kila dobi ana jambo lake asilolistahimili. Yuko asiyevumilia kutu, yuko asiyevumilia mafuta ya samli. Stambuli hakuvumilia damu. Damu ni najisi. Nguo yenye damu haiswaliwi, haichanganywi na nguo za watu, wala hailali ndani ya nyumba anamoswali mtu. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na baba yake, aliyekuwa dobi kabla yake katika chumba hicho hicho. Aliziacha kanzu za Ijumaa, na wenyewe wakaja wakasubiri, akateka maji baridi. Maji ya moto huipika damu ikakamatana na uzi, na hapo hata ulie haitoki. Alitia chumvi, akalowesha, akafikicha kwa vidole bila kuuumiza uzi, akamwaga, akateka tena. Alifanya hivyo mpaka maji yakatoka vile vile yalivyoingia. Akatia buluu ya kung'arisha weupe. Akatia wanga kidogo kwenye kola. Lilipokauka alikaa na sindano akalishona bega kwa mshono mdogo mdogo ambao ungeutafuta usiuone, kisha akapekua mkebe wake wa vifungo mpaka akapata vinavyofanana. Alipomaliza kulipiga pasi, shati lilikuwa kama linatoka dukani.

Na lazima tuseme ukweli: alifurahi. Alilitundika msumarini, akarudi nyuma, akalitazama, akaona amemfanyia jirani yake jambo.

Ghani jina lake kamili lilikuwa Abdulghani, lakini hapakuwa na aliyemwita hivyo isipokuwa mamake akikasirika. Alianza kucheza mpira miguu mitupu katika kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba hizo hizo, na fulana yake ya kwanza ya timu ilifuliwa na Stambuli. Kila alipokuja kuichukua aliinusa, akasema, "Limetakata, ami." Alikuwa akiiita shati, maana hakuwa na shati. Baadaye alichukuliwa na klabu ya Mombasa, kisha na timu ya Maskati iliyomlipa kwa kucheza tu. Wazee walistaajabu kwamba mtu mzima aweza kuajiriwa kukimbia. Gazeti lilitoa picha yake akiruka hewani, na Msellem, muuza vitambaa, aliikata akaibandika ukutani dukani mwake, juu ya majora ya hariri. Wateja walionyeshwa picha kwanza, kitambaa baadaye.

Alikuwa amekuja likizo. Jioni ile alikwenda kwenye hoteli moja ya ufukweni kumjulia hali rafiki yake aliyekuwa mpishi huko. Askari walikuwa langoni wakiwazoa vijana wanaofuatana na watalii. Ghani aliambiwa apande gari. Akauliza kosa lake nini. Basi, ni hilo tu. Kwa maneno ya askari, alimpiga koplo wao. Kwa waliokuwapo, hakuinua mkono ila kukinga uso.

Na aliyekuwapo hasa alikuwa Msellem. Alikuwa amepeleka mapazia hotelini na aliona kila kitu kutoka chini ya mwangaza wa taa ya lango. Ijumaa hiyo, baada ya swala, Shella ilimiminika hadi nje ya kituo, wanaume kwa wanawake, na Msellem alisimama mbele yao akasema atakwenda mahakamani, atasema alivyoona, na anayetaka kumnyamazisha aje. Watu walimwombea dua. Stambuli alikuwa nyuma ya umati, vidole vyake bado vimekunjamana kwa maji, akaona kwamba mambo yatakuwa sawa.

Jumamosi koplo huyo aliingia katika duka la Msellem. Alishikashika vitambaa, akasifu duka, akauliza leseni ya biashara inaisha lini, akatoka bila kununua. Hakutisha mtu. Lakini kuanzia siku ile kumbukumbu ya Msellem ikaanza kuishiwa nguvu. Mara taa ya langoni ilikuwa hafifu. Mara yeye alikuwa amegeuka kuhesabu pete za mapazia.

Maneno ya mji nayo yakageuka. Stambuli aliyasikia yote, kwa kuwa watu huongea mbele ya dobi kama wanavyoongea mbele ya pasi yake. Walisema askari hamkamati mtu bure. Walisema Maskati imempa kiburi, mtu akiambiwa apande gari si apande. Mmoja alisikia kwamba alikutwa na bangi. Hakukumbuka kasikia kwa nani. Ni wale wale waliokuwa wakipanda juu ya kuta kumwona akicheza. Stambuli hakuwachukia, aliwajua. Mtu akikubali kwamba Ghani kakamatwa bure, basi kesho yaweza kuwa yeye, au mwanawe, na usingizi utapatikana wapi? Kumtia Ghani hatiani kulikuwa nafuu kuliko kuogopa.

Naye mwenyewe alikuwa na lake. Alikuwa akifua sare za askari. Kila wiki koplo alileta furushi, na Stambuli alizinyosha mpaka mikunjo ikasimama. Kanzu alizinyunyizia maji kwa ncha za vidole, kwa heshima ya swala. Sare alizipulizia maji kwa mdomo, na hayo ndiyo mate pekee aliyowahi kuitemea serikali.

Wakili alikuja kutoka Mombasa baada ya Bi Shekha kuuza bangili zake. Aliitwa Ochola, mtu mrefu mwenye koti zito lisilofaa kwa joto lile. Alimwamkia Stambuli shikamoo, akaketi juu ya kasha la sabuni bila kulifuta vumbi, akaeleza kwa upole. Ghani alipelekwa kwa daktari baada ya siku nyingi, uvimbe umekwisha shuka, na goti linalomsumbua wanasema liliumia mpirani. Shahidi mwenye duka anasitasita. "Lakini mama ameniambia kuna shati," akamalizia.

"Lipo," alisema Stambuli. Alikuwa amelikunja na kulifunga kwa karatasi safi. Alilitoa kwa mikono miwili.

Ochola alilikunjua juu ya magoti yake. Aliitazama kola, ndani na nje. Alipitisha kidole gumba begani, kule kulikokuwa kumechanika, akawa anautafuta mshono.

"Umelifua, mzee."

"Nimelifua. Na kulishona."

Alipoyasema hayo ndipo alipoyasikia. Alimwona kichwani yule kijana Tsuma akitazama pembeni, akamwelewa: yule hakuwa akirudisha nguo chafu. Alikuwa akitoa kitu ambacho kingemfukuzisha kazi, akakitia mikononi mwa mama mtu, na mama akakileta kwa dobi.

Ochola hakumkaripia. Alilikunja shati vile vile lilivyokuwa, akasema, "Ungejuaje." Laiti angemkaripia.

Bi Shekha alipoambiwa alikaa chini pale pale uani. Alisema ni yeye aliyelipeleka. Stambuli akasema ni yeye mwenye mikono. Wakawa wanagombania kosa hilo, kila mmoja akilivutia kwake, mpaka wakachoka.

Kuanzia hapo Stambuli hakulala vizuri, na katika hali hiyo lilimjia wazo ambalo hakumwambia mtu. Alitamani Ghani awe na kosa. Awe kampiga koplo kweli, hata kidogo tu. Hapo shati lingekuwa nguo tu, na yeye angekuwa dobi aliyefua nguo. Alipogundua kwamba anatamani hivyo alijionea haya sana, lakini tamaa haikuondoka kwa sababu ya haya. Tsuma, walisikia, alikuwa amehamishwa. Wengine walisema kaskazini, wengine magharibi.

Siku ya kesi Msellem alisema hakuona vizuri. Aliyasema akiitazama sakafu, sauti ikiwa ndogo mpaka hakimu akamwomba arudie, naye akarudia. Kisha akaitwa Stambuli. Alikula kiapo, akasema alivyoliona shati: damu kwenye kola, damu kifuani, bega limechanika. Mwendesha mashtaka alimsikiliza kwa adabu. Halafu akaomba shati lionyeshwe, akaliinua juu kwa mabega yake ili waliokaa nyuma nao waone. Lilikuwa jeupe. Wanga ulikuwa bado umeishika kola.

"Mzee, tuonyeshe damu iko wapi."

Stambuli alilitazama. Katika maisha yake hakuwahi kuomba kazi yake iwe mbovu, na sasa aliomba: iwepo alama moja, uzi mmoja mwekundu ndani ya pindo. Haikuwepo.

"Niliitoa," alisema.

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, walicheka kama wanavyocheka mtu akijikwaa. Lakini aliwajua kwa sauti zao. Karibu wote walikuwa wamevaa nguo alizozipiga pasi yeye.

Ghani alipewa miezi minane. Timu ya Maskati haingemngoja mtu miezi minane, na lile goti, kwa jinsi alivyoshuka vidato vya ngazi akilivuta, lisingemngoja pia. Bi Shekha hakulia. Alikuwa akiuliza kila aliyempita kama huko anakopelekwa chakula huruhusiwa, na hakuna aliyejua. Ghani alipopitishwa mlangoni na pingu alimwona Stambuli amesimama na lile shati mkononi, maana mahakama ilikuwa imemrudishia. Alisimama kidogo, kadiri askari walivyomruhusu.

"Limetakata, ami," alisema.

Hapakuwa na kejeli ndani yake. Stambuli alitafuta kejeli ile kwa siku nyingi, akiyarudia maneno hayo kila upande, na laiti angeipata angetulia.

Wiki ile Msellem aliibandua picha ukutani. Pahala pake pakabaki mraba mweupe, rangi ya ukuta ilivyokuwa zamani, naye akaning'iniza kalenda. Kalenda ilikuwa ndogo kuliko picha, kwa hiyo weupe ulionekana pembeni. Mteja akiuliza, alijibu kuhusu bei ya hariri.

Bi Shekha hakuja kulichukua shati. Stambuli alilipeleka mara moja, akalikuta komeo limetiwa na ndani mtu yumo, akarudi nalo. Lilikuwa likishika vumbi msumarini, naye alikuwa akilisuuza na kulianika tena, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kulifanyia.

Jumatatu koplo alileta furushi lake kama kawaida. Alimsalimu vizuri, akasema atazichukua jioni, akaenda zake. Stambuli alizifungua nguo juu ya meza, moja moja. Kwenye mkono wa shati la tatu, juu ya kifungo, kulikuwa na damu. Haikuwa imekauka yote.

Ya nani, hakujua. Hakuwa amesikia mama yeyote akilia mtaani. Aliitoa nguo ile akaiweka peke yake juu ya kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu afunzwe kazi na baba yake, aliiacha. Alifua nyingine. Alizisuuza, akazikamua, akazianika, na kila alipogeuka aliikuta pale inamngoja.

Alifikiri ampelekee nani. Ochola alikuwa amekwisha rudi Mombasa. Tsuma hakujulikana yuko wapi. Msellem angeitazama kalenda yake. Kituoni ndiko ilikotoka, na mahakamani wangemuuliza kama yeye ni daktari. Aifiche ndani? Ndani ndimo anamoswali, na jioni mwenyewe ataitaka. Aliupitia mji mzima kichwani, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, wote watu aliowajua hadi pindo la nguo zao, na hakuona mlango wa kubisha.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Stambuli aliteka maji baridi akajaza karai, akatia chumvi kwa kiganja. Nyuma yake, kwenye kamba, shati la Ghani lilikuwa likijaa upepo na kunywea. Aliuchukua ule mkono wa sare, akaushika juu ya maji kwa muda mrefu, mpaka mwadhini akamaliza.

Kisha akautumbukiza. Maji yakaanza kugeuka rangi.